SOMO: KUHESABU MITI KWA UNENE NA KWA AINA

Katika vibanja vya Karagwe na Kyerwa kahawa huota pamoja na migomba, na juu yake husimama miti ya aina mbalimbali: mgrivea, msizi, mtoma, na ule ambao wenyeji huuita omushambya. Mnunuzi wa mbao afikapo, mwanachama humwonyesha miti minene, na bei hupatanwa palepale. Katibu wa chama cha msingi yampasa kuuliza kwanza: nyuma ya hiyo minene imebaki mingapi, na ya aina gani?

Hesabu huanza kwa utepe. Mti hupimwa mzingo kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini. Penye mteremko, kimo hicho huhesabiwa kutoka upande wa juu. Mzingo ukigawanywa kwa 3.14 hupatikana kipenyo: mzingo wa sm 63 ni kipenyo cha sm 20 hivi. Kisha miti hupangwa katika madaraja ya sm 10.

Mwaka 1898 Mfaransa François de Liocourt alionyesha kwamba, katika msitu wenye miti ya marika mchanganyiko, idadi hupungua kwa uwiano ulio karibu sawa kutoka daraja moja hadi la juu yake. Tuseme, kwa mfano tu, shamba lina miti 80 ya sm 10 hadi 20, miti 40 ya sm 20 hadi 30, miti 20 ya sm 30 hadi 40, na 10 ya sm 40 hadi 50. Kila daraja ni nusu ya lililotangulia. Katibu atasema shamba ni zima, na ile kumi ya mwisho iuzwe.

Sasa daftari lipangwe upya kwa aina. Mgrivea: 78, 30, 4, 0. Omushambya: 2, 10, 16, 10. Hapo sura hubadilika kabisa. Michanga karibu yote ni mgrivea, na ile kumi ya kuuzwa yote ni omushambya, ambao una warithi wawili tu. Jumla ilikuwa sahihi, lakini ilificha aina moja inayokoma. Mkulima mzoefu atajibu kwamba hayo huyaona kwa macho. Huenda, ila macho huona minene kwanza.

Mgrivea uliopandwa msimu mmoja hautafuata kanuni ya de Liocourt, wala hilo si kasoro. Miti ya rika moja hurundikana katika madaraja ya kati, na wataalamu huieleza kwa kanuni ya Msweden Waloddi Weibull ya mwaka 1951, ambayo Bailey na Dell waliitumia kwa vipenyo vya miti mwaka 1973. Ndiyo sababu kila aina huhitaji safu yake. Tena wembamba si uchanga daima: mti uliobanwa na kivuli huweza kukaa mwembamba miaka mingi.

Wastani nao hudanganya. Mti wa sm 40 una eneo la shina mara nne ya ule wa sm 20, si mara mbili. Kwa hiyo wastani wa kipenyo hautoshi kukadiria mbao, wala hewa ya ukaa ambayo wakulima wa wilaya hizi waliipimia miti katika mradi wa Emiti Nibwo Bulora.

Kabla ya kuuza, ihesabiwe pia miche ya omushambya iliyo chini ya sm 10. Ikionekana mingi yenye afya, mitatu au minne kati ya ile kumi yaweza kukatwa. Isipoonekana, mnunuzi aonyeshwe mgrivea ile minne ya sm 30 hadi 40, na omushambya uachwe udondoshe mbegu.