Ijue Damu Yako na Kazi Zake

Mwezi huu tuzungumze juu ya damu. Kila mtu ameiona, hata mtoto mdogo aliyejikwaa kidole. Lakini tukiwauliza watu damu ni nini, wengi hujibu kwamba ni maji mekundu yanayotembea mwilini. Jibu hilo ni nusu tu ya ukweli. Nusu iliyobaki ndiyo inayotusumbua wodini, hasa siku ambayo mgonjwa anahitaji kuongezewa damu na ndugu zake wanaanza kuondoka mmoja mmoja.

Ukitia damu kidogo katika kichupa chembamba cha kioo chenye dawa ya kuizuia isigande, ukaisimamisha kwa saa kadhaa, utaona inajitenga yenyewe. Juu hubaki maji ya rangi ya manjano hafifu. Chini hutuama kitu chekundu na kizito. Katikati huwa na utando mwembamba mweupe ambao usipoangalia vizuri huuoni. Kumbe damu si kitu kimoja.

Yale maji ya juu huitwa utegili, au plazma. Ni zaidi kidogo ya nusu ya damu yote, na karibu sehemu tisa katika kumi za utegili ni maji matupu. Ndani yake mna chumvi, sukari, mafuta na protini. Kazi yake ni uchukuzi: hupeleka chakula kilichosagwa tumboni kila pembe ya mwili, na hupeleka takataka kwenye figo zitoke na mkojo. Kadhalika hueneza joto. Ndiyo sababu mtoto anayeharisha hulegea upesi. Maji anayopoteza hutoka pia katika damu, na moyo hukosa cha kusukuma. Mama anayemnyima maji mtoto wa namna hiyo, akidhani ataharisha zaidi, anampunguzia damu bila kujua.

Sasa tuje kwenye chembechembe nyekundu. Katika tone dogo kama kichwa cha pini zimo karibu milioni 5. Ndani yake mna kitu kiitwacho himoglobini, chenye madini ya chuma, na hicho ndicho kinachobeba oksijeni kutoka mapafuni. Chembe hizi hutengenezwa katika uboho, yaani ule ute ulio ndani ya mifupa, hasa ya nyonga, mbavu na uti wa mgongo. Kila sekunde mwili wa mtu mzima mwenye afya hutengeneza kama milioni 2. Kila chembe huishi siku 120 hivi, kisha huvunjwa, hasa katika bandama na ini. Mwili hautupi ile chuma, bali huirudisha ubohoni itumike tena.

Matatizo huja pale chembe zinapopotea kuliko zinavyotengenezwa. Vimelea vya malaria huingia ndani ya chembe nyekundu, huzaliana humo na kuzipasua. Minyoo ya safura hung'ang'ania utumbo na kunyonya damu kidogo kidogo. Kwa mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu, chembe zake huishi siku 10 hadi 20 tu badala ya 120. Mama mjamzito naye anahitaji chuma ya kuwatosha watu wawili. Tazama viganja vya mikono na ndani ya kope la chini la jicho: kama pamepauka, na mtu anachoka au anahema kwa kazi ndogo, aje apimwe wekundu wa damu. Vivyo hivyo mama anayetamani kula udongo. Mjamzito tunataka awe na gramu 11 au zaidi.

Hapa tuseme wazi jambo moja. Soda nyekundu haiongezi damu. Wagonjwa wengi huletewa chupa za soda hiyo, na fedha iliyozinunua ingetosha kununua dagaa au maharage. Wekundu wa kinywaji si wekundu wa damu. Chuma hupatikana katika maini, nyama, dagaa, maharage, na pia mboga za majani kama mchicha na matembele. Chuma ya mboga huingia mwilini vizuri zaidi ukila na chungwa, embe au ndimu. Chai huizuia, kwa hiyo inywewe saa moja au mbili baada ya chakula. Tena, kina mama wanaotupa vidonge vya chuma kwa kuwa choo kimekuwa cheusi, wasiogope. Ndivyo vidonge hivyo vilivyo.

Ule utando mweupe una aina mbili za chembechembe. Chembe nyeupe ni walinzi. Humeza vijidudu au kutengeneza sumu dhidi yao. Usaha wa jipu kwa sehemu kubwa ni chembe nyeupe zilizokufa vitani. Virusi vya Ukimwi hushambulia aina moja ya walinzi hao. Aina ya pili ni chembe sahani, ambazo hukimbilia mahali palipokatika na kuziba, zikisaidiwa na nyuzi zinazotokana na protini za utegili. Ukikatika, bana kidonda kwa kitambaa safi dakika 10 bila kufunuafunua. Usitie udongo wala mafuta ya taa.

Mtu mzima ana damu kama lita 5. Mtoto mchanga wa kilo 3 ana robo lita tu, haijazi hata chupa ya soda! Kwa hiyo kitovu kinachovuja si jambo la kungojea kesho. Mama aliyejifungua akipoteza nusu lita au zaidi yuko hatarini, na hapo ndipo tunapotoka nje kuwaita ndugu.

Mwaka 1901, jijini Vienna, daktari Karl Landsteiner alieleza kwamba damu za watu haziko sawa. Leo tunazijua kama makundi A, B, AB na O. Mgonjwa akipewa kundi lisilopatana naye, chembe alizopewa huvunjwa na anaweza kufa. Ndiyo maana tunapima kwanza. Sasa hutokea baba anapimwa ili amtolee mwanae, maabara wanasema haifai, naye anarudi nyumbani na neno moyoni. Tumeona nyumba zikitikisika kwa sababu hiyo. Ndugu msomaji, baba wa kundi A na mama wa kundi B wanaweza kabisa kumzaa mtoto wa kundi O. Kila mzazi alikuwa ameibeba O iliyofichika, akairithisha. Damu ya baba huyo haimfai mtoto, wala ya mama, na mtoto ni wao. Hata ndugu wa tumbo moja hutofautiana. Basi jibu la maabara kwamba damu haipatani lisigeuzwe kesi ya ndoa.

Anayechangia hutoa mililita 450 hivi. Yale maji yake hurudi kwa siku moja au mbili, na chembe nyekundu kwa wiki kadhaa. Mwanaume anaweza kutoa kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Awe na umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, na wekundu wa damu wa kutosha. Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri. Damu hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende.

Hakuna kiwanda kinachotengeneza damu. Iliyo katika mfuko wa kawaida hukaa kwenye jokofu siku 35 tu, kisha haitumiki. Kwa hiyo ile iliyochangwa wakati wa Krismasi haitamfaa mama atakayejifungua Machi. Ukija kuchangia, usije na njaa. Kunywa maji ya kutosha kabla, na ukimaliza pumzika dakika 10 au 15, unywe kitu, na siku hiyo usibebe mizigo mizito.