ORODHA YA WAGONJWA HAIKAI KWENYE SIMU YAKO
Kwa wanafunzi wa uzamili wa epidemiolojia wanaokwenda fildi, wasimamizi wao na kaya wanazozitembelea

Kijitabu hiki kimeletwa na malalamiko. Asubuhi mama anahojiwa sebuleni kwake kuhusu mtoto anayeharisha. Jioni jina lake na kitongoji chake vinasomwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Aliyeipiga picha orodha ya wagonjwa hakuwa na nia mbaya, alitaka tu kumwonyesha mwenzake namna ya kuijaza. Hilo halimsaidii mama ambaye maandazi yake sasa hayana mnunuzi.

Fildi ni kazi. Tangu 2008 nchi yetu, Tanzania, ina mpango wa kufundisha epidemiolojia ya fildi na maabara: miaka miwili, na sehemu kubwa mwanafunzi yuko kazini chini ya msimamizi, akichambua takwimu za magonjwa wilayani, akitoka na timu mlipuko unapozuka. Mlipuko wa ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa mkoani Kagera Machi 2023, kuwasaka waliokutana na wagonjwa kulihitaji ujuzi huu hasa, na hatuoni haya kujisifu kwamba ujuzi huo upo nchini.  

Turudi kwenye orodha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na haimsamehe mtu kwa kuwa bado anasoma. Majina yabaki kituoni, kabatini, chini ya kufuli. Kwenye kompyuta yako mgonjwa ni namba. Usipige picha orodha. Hata ukurasa mmoja. Hata kama msimamizi ndiye aliyeomba.

Ndugu msimamizi, nawe umo. "Nitumie kwenye simu niipitie" ndiyo sentensi inayotuletea kesi nyingi. Orodha mnaipitia mezani, wawili, ikiwa wazi mbele yenu. Kama safari zako haziruhusu, basi usikubali kupewa mwanafunzi.

Nawe mwananchi, anayebisha hodi akijitambulisha kuwa mwanafunzi wa fildi mwombe kitambulisho na barua ya utangulizi. Awe ameongozana na mhudumu wa afya wa jamii au mjumbe unayemfahamu. Hana barua? Akaifuate. Hutakuwa umezuia kazi ya serikali.

Simu au flashi ikiibiwa, msimamizi aambiwe siku hiyo hiyo. Kuna wanaoitafuta kimyakimya wiki nzima kwa aibu, huku majina ya watu yakizunguka sokoni. Tunasema tena: siku hiyo hiyo.

Siku ya mwisho ya fildi utakabidhi madaftari na flashi, na nakala zilizomo kwenye kompyuta zitafutwa msimamizi akiona. Kabla ya hapo fomu yako ya kumaliza haisainiwi, hata kama basi linakungoja stendi.