SOMO LA FOTO: OBJEKTIFU GANI, NGAPI, NA KWA KAZI GANI?



Kuko wanafunzi kati yetu wanaopiga foto Jumamosi na Jumapili, kwenye ndoa, ubatizo na sikukuu za diploma. Wengine wanalipa minervali kwa kazi hiyo. Mwanafunzi wa namna hii akinunua objektifu isiyofaa, amekula minervali ya trimestri nzima. Kwa sababu hiyo tunaomba somo hili lisomwe polepole, na karatasi na rula mkononi.

Kwanza tueleze maneno. Fokali ni nini? Elekeza objektifu kwa kitu kilicho mbali sana, kama mlima. Urefu kutoka katikati ya vioo vya objektifu mpaka pahali sura ya mlima inapojichora, ndiyo fokali. Inapimwa kwa milimeta na imeandikwa kwenye pete ya mbele: 28, 50, 85, 135. Zumu iko na namba mbili, kwa mfano 18-55, maana fokali yake inabadilika. Objektifu ya fokali moja haibadiliki. Ukitaka kitu kionekane kikubwa zaidi, unatembea.

Mtu atauliza: kama zumu inafanya yote, kwa nini ninunue ile isiyobadilika? Jibu ni mwanga. Namba ya mwanga inapatikana kwa kugawa fokali kwa upana wa tundu. Objektifu ya 50 yenye tundu la milimeta 25 ni f/2. Sasa zumu ya kawaida ikifika 55 inatoa f/5.6 tu, lakini 50 ya bei ndogo inatoa f/1.8. Gawa 5.6 kwa 1.8, kisha uzidishe jibu kwa lenyewe: utapata karibu 10. Ni mwanga mara kumi! Kanisani jioni, wakati taa ni mbili tu na groupe inakohoa nje, zumu inaomba sehemu 1 ya 10 ya sekunde. Kwaya haisimami kama nguzo. Inacheza, na foto inakuwa ukungu. Objektifu ya f/1.8 itaomba sehemu 1 ya 100, na nyuso zitaonekana. Mtu atasema kuko flashi. Ni kweli, lakini flashi machoni mwa mchungaji wakati wa maombi si adabu.

Sasa hesabu yenyewe. Waliofika kwenye teorema ya Thalès hawatapata shida. Filimu ya kawaida, na kipokezi kikubwa cha aparei za leo, iko na upana wa milimeta 36 na urefu wa 24. Upana unaouona mbele yako ukigawa kwa umbali, ni sawasawa na 36 ukigawa kwa fokali. Basi kwa mita 10, objektifu ya 28 inaona upana wa karibu mita 12.9, 35 inaona 10.3, 50 inaona 7.2, 85 inaona 4.2, 135 inaona 2.7.

Asiye na aparei afanye hivi. Chukua kartoni, kata ndani yake dirisha la milimeta 72 kwa 48. Funga jicho moja. Shika kartoni santimeta 10 mbele ya jicho lingine: unaona kile ambacho 50 inaona. Kwa santimeta 5 na nusu hivi, hiyo ni 28. Kwa santimeta 17 ni 85, na kwa 27 ni 135. Tulifanya dirisha mara mbili ya filimu, ndiyo maana umbali pia ni mara mbili ya fokali. Tembea na kartoni hiyo siku moja, sokoni, kanisani, kiwanjani. Utajua mambo mingi mbele ya kutoa franga hata moja.

Tuchukue foto ya darasa, maana hiyo ndiyo inayoleta feza. Wanafunzi 42, safu 3 za watu 14, kila mtu santimeta 50: ni mita 7. Ongeza nusu mita kila upande, itakuwa 8. Ukiwa na 50 unapaswa kurudi nyuma mita 11. Ukiwa na 35, karibu mita 8. Ukiwa na 28, mita 6 na kidogo. Kama nyuma yako kuko ukuta kwa mita 9, basi 50 imekwisha, hata ikiwa nzuri namna gani. Nenda upime kwanza kiwanja, kisha ndipo uzungumze na muuzaji.

Foto ya uso ni jambo lingine, na hapa wengi wanadanganyika. Wanasema objektifu fupi inaharibu uso. Si objektifu, ni umbali. Ukitaka kichwa na mabega yajaze foto iliyosimama, upana wa santimeta 60 hivi, kwa 28 utasimama santimeta 70 tu kutoka kwa mtu. Pua iko karibu nawe kuliko masikio kwa santimeta 12 hivi, na kwa umbali huo mdogo pua inakuzwa karibu sehemu 19 kwa 100 kuliko masikio. Kwa 85 utasimama mita 2, na tofauti inashuka mpaka 6 kwa 100. Ndiyo sababu bibi arusi aliyepigwa na telefone kwa karibu hapendi foto yake: objektifu kubwa ya telefone nyingi ni sawa na 24 mpaka 28. Asilaumu uso Mungu aliompa. Mpiga foto arudi nyuma.

Haya, tuchague. Jambo la kwanza: angalia aparei yako iko na kipokezi gani. Nyingi za bei ndogo ziko na kipokezi kidogo, milimeta 24 kwa 16 hivi. Hapo zidisha fokali kwa 1.5. 24 inafanya kazi ya 36, na 50 inafanya kazi ya 75. Pia hesabu inakuwa nyepesi: ukiwa na 24 kwenye kipokezi cha upana wa 24, umbali na upana ni sawasawa. Mita 8 nyuma, mita 8 za watu.

Jambo la pili: usinunue namba zinazokaribiana. 35 na 50 pamoja ni kupoteza feza. Pale 35 inaona upana kwa mita 10, 50 inauona kwa mita 14. Ni hatua chache za miguu. Afadhali namba inayofuata iwe karibu mara mbili ya ile ya kwanza. Kwa kipokezi kikubwa, mimi ningechukua 35 na 85, na kusimama hapo. Kwa kipokezi kidogo, 24 na 50. Kama feza inatosha moja tu, usiuze zumu yako. Iache ifanye kazi ya makundi mchana, na ununue 50, maana kwa watengenezaji wengi ndiyo ya bei ndogo kuliko zote.

135 je? Ni nzuri kwa mpira, na kwa wavuvi wa Kasenyi. Mtumbwi wa mita 8, ukiwa mita 100 majini, unachukua karibu sehemu 1 ya 3 ya upana wa foto. Kwa 50 unachukua sehemu 1 ya 9 tu. Lakini nani atalipa foto ya mtumbwi? Ngojea kwanza.

Tena, aliye na zumu asome foto zake za zamani. Aparei inaandika fokali ndani ya kila foto. Chukua foto 100 za ndoa ya mwisho, andika namba zote, hesabu. Kama 60 zimepigwa karibu na 35, umejibiwa, na hakuna muuzaji atakayekudanganya.

Msifikiri kwamba kuwa na moja ni aibu. Leica ilipotoka mwaka 1925 ilikuwa na 50 tu, imefungwa. Objektifu za kubadilisha zilikuja kuanzia 1930. Mfaransa Henri Cartier-Bresson (1908-2004) alifanya sehemu kubwa ya kazi yake na 50. Hapa kwetu, Herbert Lang wa makumbusho ya New York alizunguka misitu ya Ituri na Uele na mwenzake James Chapin tangu 1909 mpaka 1915, mizigo vichwani mwa wapagazi. Alirudi na foto karibu 10,000, na kati yake ziko za chifu Okondo wa Wamangbetu. Leo wajukuu wanajua sura ya chifu kwa sababu hiyo. Na katika vita vya 1999 mpaka 2003 nyumba nyingi za Ituri zilichomwa pamoja na foto zilizokuwa ukutani. Kwa hiyo foto ya ndoa unayoipiga Mudzipela Jumamosi si karatasi tu.

Neno moja juu ya vumbi. Mwezi wa kwanza barabara yetu ni nyekundu mpaka kwenye majani. Usibadilishe objektifu juu ya pikipiki. Ingia ndani, zima aparei, elekeza mdomo wake chini, uwe na objektifu ya pili tayari mkononi. Wenye objektifu mbili wabadilishe mbele ya ibada na kisha ya ibada, si katikati.

MAULIZO

1. Ukuta uko mita 7 nyuma ya pahali safu ya kwanza inasimama. Kwa kipokezi kikubwa na objektifu ya 35, upana gani unaonekana? Wanafunzi wangapi wanaingia katika safu moja, ukiacha nusu mita kila upande?

2. Objektifu ya 85 iko na tundu la milimeta 47. Namba yake ya mwanga ni ngapi? Inapita zumu ya f/5.6 mara ngapi?

3. Pima kanisa lenu kutoka mlango mpaka mimbari. Kwa kipokezi kidogo, fokali gani inaweza kuonyesha kwaya yote ukiwa umeketi katika benchi la tatu?

Majibu yapelekwe kwa mwalimu wa matematika mbele ya Ijumaa. Kartoni ziko kwa perefe.