Kulijua Gurudumu la Mbele la Pikipiki Katika Kona

Waendeshaji wengi wa pikipiki kisiwani Mombasa hujua kwenda upesi, lakini si wote wajuao gurudumu la mbele huwaambia nini wanapopinda kona. Elimu hii ni ya lazima. Tairi ya nyuma ikiteleza, pengine huokolewa. Ya mbele ikiteleza, mara nyingi mtu huanguka kabla hajatambua, na abiria wake pamoja naye.

Sehemu ya tairi igusayo ardhi haizidi sana kiganja cha mkono. Nguvu yake ya kushika barabara ni kama fedha mfukoni: ikitumiwa yote kwa breki, haibaki ya kupindia kona. Kwa hiyo mwendeshaji apunguze mwendo njia ingali imenyoka, kisha ailegeze breki polepole anapoanza kuinama. Tena akumbuke kwamba mwendo ukizidishwa mara mbili, kona ile ile hudai nguvu mara nne.

Je, mpaka wa tairi hujulikanaje? Kwanza, usukani ushikwe bila kukazwa, kwani mikono iliyokakamaa haihisi kitu. Tairi ishikayo vema huupa usukani uzito. Usukani ukiwa mwepesi ghafula, au pikipiki ikitanuka nje ya njia iliyoelekezwa, hiyo ni dalili kwamba tairi yaanza kuachia. Hapo mwendeshaji asikamate breki kwa nguvu. Kama ameishika ya mbele, ailegeze taratibu. Asizidi kuinama, na macho yatazame anakokwenda.

Katika Mji wa Kale hatari ni zaidi. Ndia Kuu na vichochoro vyake ni vyembamba, na kuta huficha kilicho mbele. Mchanga, maji ya samaki, vifuniko vya chuma na mvua za kwanza za masika, zichanganyazo vumbi na mafuta, huifanya njia iteleze kama sabuni. Mtoto aweza kutokea mlangoni wakati wowote. Basi mwendo uwe ule uwezao kusimamishwa ndani ya nafasi ionekanayo.

Mazoezi yafanywe uwanjani penye nafasi, pamoja na mwalimu, wala mpaka wa tairi usitafutwe barabarani. Upepo wa tairi upimwe ikiwa baridi, na tairi iliyokwisha meno ibadilishwe. Kofia ya kujikinga ni sharti la sheria.

Mwenda pole hajikwai.