Dondoo Muhimu: Zawadi ya Krismasi kwa Mtoto Anayeanza Kutembea

Mzazi wa Tosamaganga aendaye Iringa mjini kumtafutia zawadi mtoto wa mwaka mmoja au miwili, na atangulize usalama kabla ya nakshi, maana mtoto wa umri huo kila akishikacho aghalabu hukipeleka kinywani; basi chochote kinachopenya katika bomba la karatasi ya chooni, na mwanasesere ambaye macho yake hung'oka yakivutwa, viachwe dukani. Hadhari kuu ni betri bapa ndogo, ambazo zikimezwa huweza kuunguza umio kwa muda wa saa mbili tu. Mwenye shaka asingoje dalili, bali amkimbize mtoto hospitali. Karanga nzima na peremende ngumu si zake bado, hata shangazi akibembeleza.

Badala ya soksi ya kigeni ya kutilia zawadi za Krismasi, kikapu kidogo cha milulu chafaa zaidi, kwani sikukuu ikiisha hubaki kuwa chombo cha kujaza na kumwaga, mchezo aupendao kuliko vinyago vya thamani. Ndani yake tia mpira wa kitambaa, kitabu cha picha chenye kurasa nene, na kofia ya sufu. Baiskeli ya magurudumu matatu na ingoje matope ya mvua yakauke.