Ukihamia Kisumu Ndogo

Kwanza jua unaenda Kisumu Ndogo gani. Inayovuma zaidi iko Kibera, ikipakana na Gatwekera na Kambi Muru. Ukiwa Kawangware utalisikia jina hilohilo, na kule Malindi uko mtaa mzima unaoitwa hivyo. Mwambie mtu wa boda mapema, na ndugu anayekutumia gunia la omena kwa basi la usiku aandike Kibera au Kawangware kwa kalamu nzito, maana samaki hawangoji mjadala.

Maelezo haya ni ya mtu anayetaka kupanga chumba upande wa Kibera, awe ametoka Siaya jana au amekaa Nairobi miaka mingi na sasa mfuko umembana. Si lazima uwe Mluo. Waluhya, Wakamba, Wakisii na Wanubi wako humo humo, na wengi wao wanajibu salamu ya Kidholuo bila kufikiri. Ila ukubali kwamba unaingia mahali penye wenyeji, na wenyeji hao walikuja na ziwa lao. Ni kama wahamiaji wa Kirusi na Kiyahudi waliofika Brighton Beach, New York, miaka ya 1970, hadi mtaa ukaitwa Odesa Ndogo. Nairobi ilikuwa na makao ya Waluo zamani, hasa Kaloleni na Makongeni karibu na kazi za reli. Kibera ilikuwa ya askari wa Kinubi wa jeshi la Mwingereza, na mwaka 1918 ikatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Wapangaji kutoka Nyanza walimiminika baadaye, uhuru ulipokwisha kupatikana.

Historia hiyo inakuhusu kwa sababu ya kodi. Sehemu kubwa ya Kibera ni ardhi ya serikali. Wanubi walipewa hati ya ekari 288 mwaka 2017. Nje ya hapo, mtu unayemwita landilodi anamiliki mabati, miti na udongo, wala si ardhi, na ruhusa yake ilipita kwa chifu. Kawangware ni tofauti: ploti nyingi ni za watu binafsi, na mwenyewe au keretaka wake huenda anaishi mlango wa pili. Huko unaweza kubisha ukalalamika. Kibera huenda usimwone mwenye nyumba hata mara moja, ukamjua tu kwa sauti ya simu kila tarehe moja.

Kwa hiyo lipa kwa M-Pesa, si taslimu, hata kama keretaka ananuna. Ule ujumbe wa simu ndio risiti yako, na ndio utakaomwonyesha chifu siku mtakapoitwa. Pia jua kwamba iko Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, inayolinda nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Vyumba vingi vya udongo viko karibu na kiwango hicho, chini au juu kidogo. Ukiwa chini yake, mwenye nyumba haruhusiwi kukufukuza bila amri ya baraza la kodi, wala kukusumbua ili uondoke mwenyewe. Kung'oa mlango au kuezua mabati juu ya kichwa cha mpangaji, mtindo unaojulikana sana vichochoroni, ni kosa. Sisemi kwamba sheria hiyo inafika Kisumu Ndogo kila siku. Nasema tu kwamba anayeitaja kwa jina mbele ya chifu husikilizwa tofauti na anayepiga kelele.

Kelele zenyewe ziogope. Mwishoni mwa 2001, baada ya wanasiasa kusema hadharani kwamba kodi za Kibera zipunguzwe, ugomvi wa wapangaji, wengi wao Waluo, na wenye nyumba, wengi wao Wanubi, uligeuka mapigano na watu wakafa. Mvutano wa shilingi mia tano ukishaanza kutajwa kwa makabila, jiondoe.

Kuhusu chumba chenyewe, usikichague kwa picha ya simu. Nenda mchana, kisha rudi mvua ikishanyesha. Kibera imekaa kwenye mteremko na maji yote hukimbilia Mto Ngong na Bwawa la Nairobi. Chumba cha bei ya kutupa kando ya mto kina sababu yake. Mvua za Aprili na Mei 2024 zilipoua watu jijini, serikali iliamuru wanaoishi ndani ya mita 30 za kingo za mito wahame, na matingatinga yakafuata amri. Angalia pia upana wa njia. Moto ukizuka, gari la zimamoto haliingii kichochoroni, na watu huzima kwa ndoo na kwa kubomoa kibanda kilicho mbele ya moto. Kama mlango wako ndio pekee na unafunguka kwenye njia ya upana wa mabega, fikiria mara mbili.

Sasa choo. Wageni huona haya kuuliza, halafu hujuta usiku wa kwanza. Uliza: choo kiko wapi, kinatumiwa na milango mingapi, nani ana ufunguo, na kinafungwa saa ngapi? Vyoo vya kulipia ni visafi kuliko vya ploti nyingi, na gharama yake ni sarafu chache kwa kila safari. Ila zidisha hizo sarafu kwa watoto watatu na siku thelathini, uziongeze kwenye kodi kabla ya kusema chumba ni rahisi. Vingi hufungwa usiku. Mwanamke anayeishi peke yake asikubali chumba ambacho choo chake kiko ng'ambo ya mtaro gizani, hata kodi ikipunguzwa. Gatwekera, jirani tu, kuna jengo la TOSHA lililojengwa na jamii pamoja na Umande Trust. Kinyesi kinaingia kwenye tangi, kinageuka gesi, na gesi inapikiwa. Mtu wa mara ya kwanza hucheka. Maharagwe yakiiva, anauliza bei.

Maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20. Bei ya kawaida ni shilingi chache, lakini mgao ukianza inapanda mara mbili au zaidi kwa siku moja, kwa hiyo mitungi miwili ya akiba ni samani muhimu kuliko meza. Angalia bomba linapopita. Mipira ya plastiki iliyolazwa ndani ya mtaro hupasuka, na presha ikishuka hunyonya uchafu. Kipindupindu huingia hivyo. Shirika la SHOFCO, lililoanzishwa Kibera na Kennedy Odede mwaka 2004, liliinua mabomba yake juu ya nguzo, yakapita hewani kama nyaya za stima, na vibanda vyake vya maji viko upande wa Gatwekera. Ya kunywa chemsha au tia dawa hata hivyo, kwa sababu mtungi wako nao una historia.

Stima: uliza kama ni ya mita na tokeni au ni ya sambaza. Ya sambaza unalipa kiasi kimoja kwa mwezi kwa kijana aliyeunganisha, na unaweza kuwasha hita usiku kucha. Ndiyo maana nyaya hupata moto. Ukiikubali kwa kukosa jingine, usiguse waya uliolegea mvua ikinyesha na usiwaachie watoto soketi iliyofungwa kwa gundi.

Chakula ndicho kitakachokufanya uone umefika. Jioni kando ya njia kuna karai za mafuta, na ndani yake mgongo wazi: uti wa mbuta uliobaki baada ya viwanda vya kando ya ziwa kukata minofu ya kupeleka Ulaya. Mbuta aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na biashara ya minofu iliposhamiri, mwenye ziwa akabakiwa na mifupa. Bado mifupa hiyo, ikikaangwa vizuri na kuwekwa kwenye nyanya na dhania, inashinda vitu vingi vinavyouzwa ghali mjini. Nunua kwa mama anayebadilisha mafuta. Mafuta meusi yanayotoa povu yatakukumbusha usiku.

Ngege, yaani tilapia, uliza ametoka wapi. Wengi wanaouzwa Nairobi wameletwa wamegandishwa kutoka China, na si dhambi kuwala, lakini usilipe bei ya samaki wa Homa Bay. Mbichi wa kweli ana jicho lililotokeza na shavu jekundu ndani. Omena ina kalenda yake. Huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika na bei hupanda. Kisha kila mwaka serikali hufunga uvuvi wake kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaane. Ukiwa na nafasi, nunua debe mwezi wa tatu. Na uangalie isiwe ile ya kulishia kuku: ina mchanga, imekatikakatika, na bei yake inavutia mno. Mboga za kienyeji, yaani osuga, dek, apoth, huuzwa kwa fungu, na mama mboga akishakujua atakukatia na kukukopesha. Mwamkie kabla ya kuuliza bei: "Oyawore, Min Akinyi." Jioni ni "oimore". Hakuna anayekutarajia ujue zaidi ya hapo mwezi wa kwanza, lakini usipojua hata hilo unaonekana mtu wa kupita.

Hivi karibuni utaulizwa kwenu ni wapi. Jibu kwa ukamilifu: si "Siaya" tu, bali Alego, Gem, Ugenya, Asembo. Huenda baada ya wiki jina lako la kitambulisho likasahauliwa, ukawa nyar Gem (binti wa Gem) au ja-Seme (mtu wa Seme), nao wa huko waliotawanyika Kisumu Ndogo watakuja kukuona. Hapo ndipo penye ulinzi wako hasa. Kwa maoni yangu, jiunge na kikundi cha kwenu kabla hujanunua kitanda. Kikundi ndicho kitakachokudhamini kwa mwenye nyumba, kukwambia kuna mjengo unaoajiri, na zaidi ya yote, kukuzika.

Hili la mazishi halina mzaha. Mluo huzikwa kwao, na safari ya mwili kutoka Nairobi hadi kando ya ziwa hugharimu kuliko kodi ya mwaka mzima. Kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986, ilivutana mahakamani miezi mitano kati ya mjane wake na ukoo wa Umira Kager, na mwishowe akazikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987. Familia nyingi zilijifunza kuzungumza mapema. Kabla ya kutoa mchango wa kwanza, soma katiba ya kikundi: kinamzika nani? Mzazi wa mke yumo? Mtoto mchanga je? Aliyechelewa kulipa miezi miwili anatupwa? Uliza kama kimesajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, na kama akaunti ina watia saini zaidi ya mmoja. Mweka hazina mwenye tabasamu zuri na daftari lisilofunguliwa ni wa kuogopwa.

Makaratasi nayo usiyaache. Aliyefia hospitalini huandikiwa fomu D1, na aliyefia nyumbani huandikiwa D2 na naibu wa chifu. Bila mojawapo hupati kibali cha mazishi, na jeneza litasubiri huku waombolezaji wakila.

Kabla ya kufika huko, jisajili SHA, bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Unapiga *147# ukiwa na kitambulisho chako. Ukishasajiliwa, huduma za zahanati na vituo vya afya vilivyo na mkataba hutakiwi kulipia, ila kulazwa hospitalini kunadai mchango, ambao kima chake cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Kliniki ya Tabitha iko Gatwekera. Yakizidi, hospitali ya Mbagathi si mbali. Andika nambari hizi ukutani, si kwenye simu inayoweza kuibwa: 999 au 112 ya polisi, 1199 ya ambulensi ya Msalaba Mwekundu, 1195 kwa aliyepigwa au kubakwa, 116 kwa mtoto anayeteswa.

Kuhusu pombe nitasema machache. Chang'aa iliruhusiwa na sheria ya 2010 kwa sharti kwamba itengenezwe na kufungwa kwa viwango, na hiyo ya kwenye mkebe wa kichochoroni haikufikia sharti hilo. Methanoli haina harufu ya kukuonya. Ijumaa jioni kuna mpira wa Gor Mahia wa kubishania, na ubishi huo hautii mtu upofu.

Siasa huwezi kuikwepa. Hapa ni ngome ya hayati Raila Odinga, mbunge wa Langata kuanzia 1992 hadi 2013, wakati Kibera ikiwa ndani ya jimbo hilo. Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, reli inayokatiza Kibera iling'olewa, mizigo ya Uganda ikakwama. Wiki ya uchaguzi weka unga, mafuta ya taa na maji ya siku kadhaa, chaji simu, na ufungulie Pamoja FM, 99.9, redio iliyozaliwa Kibera na iliyohimiza utulivu wakati ule. Usisambaze ujumbe wa sauti usiojua umetoka kwa nani.

Ukiamua kuhama, toa notisi ya mwezi kwa maandishi ya simu, si kwa mdomo, kwa sababu dipoziti hurudishwa kwa shida na hurudishwa kwanza kwa mwenye ushahidi. Waage wanakikundi rasmi ili michango yako ihamishwe au urejeshewe kwa mujibu wa katiba yao. Na lipa deni la mama mboga kabla mkokoteni haujaja kuchukua godoro. Ana dada yake Kawangware, na dada huyo ana simu.