Mpera na Inzi Wake

Mwezi huu twataka kusema nanyi habari za mti ambao wengi wetu hatukuupanda. Mwembe una mwenyewe, na mchungwa una mwenyewe. Lakini ukiuliza mpera ulio nyuma ya nyumba ni wa nani, utajibiwa kwamba uliota tu. Na kweli ndivyo. Ndege na popo hula mapera na kuzidondosha mbegu zake mbali. Nasi pia twazimeza, kwa kuwa ni ngumu mno kutafunwa. Asili ya mti huu ni nchi za joto za Amerika, walakini umeenea kwetu hata watoto hudhani ulikuwako tangu zamani. Katika visiwa vya Galápagos, ulikopelekwa na watu, umekuwa kichaka kinachoisonga miti ya asili.

Ukoo wake si mdogo. Mkarafuu, mzambarau na mkalitusi ni ndugu zake, na hata mhadasi tuusomao katika kitabu cha Nabii Isaya ni wa ukoo huo huo.

Tunda lake twalidharau kwa sababu hatulinunui. Mzazi hutoa fedha kumnunulia mtoto machungwa, na huku mapera yaoza uani! Wenye elimu wamepima, wakaona kwamba gramu 100 za pera zina vitamini C kama miligramu 228, hali chungwa la uzito huo lina kama 53. Vitamini hiyo huimarisha ufizi, husaidia vidonda kupona, na hulisaidia tumbo kupokea madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na mboga. Basi yafaa mtoto apewe pera pamoja na chakula chake, wala lisiwe tunda la kuchezea njiani tu.

Lakini shauri letu kubwa ni juu ya mapera yaliyoanguka. Katika mwaka 2003 alionekana Kenya, na Tanzania pia, inzi wa matunda aliye mgeni, asili yake Asia. Na tangu hapo ameenea katika nchi nyingi za Afrika. Jike hutoboa ngozi ya tunda linaloanza kuiva, akatia mayai ndani. Mayai huwa funza, funza hula nyama ya tunda hata lianguke, kisha hujiingiza katika udongo. Humo hugeuka, wakatoka inzi wengine. Naye apenda sana pera na embe. Kwa hiyo mapera ya mtu mmoja huweza kuharibu maembe ya jirani yake, maana inzi hajui mpaka wa shamba. Mwenye maembe akilia, watu husema ni mvua, na wengine hunong'ona kwamba ni kijicho. Kumbe chanzo kimelala chini ya mpera usio na mwenyewe.

Je, tuukate? Sisi hatuoni hivyo. Inzi ana matunda mengine mengi. Yaokoteni mapera yaliyoanguka kila siku, au walau mara mbili kwa juma. Msiyatupe jaani, kwa kuwa funza huendelea kukua humo. Wenye nguruwe wawape siku ile ile. Wengine wachimbe shimo, na udongo wa kuyafunika uwe nusu mita au kupita. Au wayatie katika mfuko mweusi wa nailoni, waufunge kabisa na kuuacha juani siku kadhaa. Matunda mnayotaka kuyala wenyewe, yavikeni karatasi yangali mabichi na magumu, kabla jike hajayafikia. Kadhalika punguzeni matawi, maana mpera huzaa katika machipukizi mapya, na mti mfupi huchumwa bila kupandwa.

Walimu walio na mpera katika kiwanja cha kanisa na waanze wao, hasa maembe yakaribiapo kuiva. Shimo moja latosha nyumba tatu au nne, ila lifunikwe kila mara litiwapo matunda.